Besi ya Didas

Kibondo,
9 Juni 2013

Ndugu Wilondja,

Mwakeye, habari za huko kambini? Utashangaa kupata barua siku hizi ambapo kila mtu anapiga simu. Nimekupigia mara nyingi. Unaitikia "haloo, haloo", kisha unapotea, na mimi nabaki nikiongea na hewa. Halafu ninalotaka kukuuliza ni la waya, na mambo ya waya hayaelezeki kwa haloo. Abdalah, dereva wa lori la unga, amekubali kuwa posta yetu. Ukimpa barua, mpe na soda, maana anajua kununa.

Mimi ni Odilia, mke wa Didas wa kwaya ya Kibondo. Mwaka juzi tulikuja kwako Nyarugusu kurekodi, kwenye kile chumba chako chenye trei za mayai ukutani. Huenda umesikia kwamba Didas alifariki Novemba iliyopita. Ilikuwa malaria, na haikukaa hata wiki. Bado siwezi kuliandika jambo hili bila kusimamisha kalamu.

Mama yake anaishi Titye. Macho yake yamekwisha, amebaki na masikio. Pasaka hii nilimpelekea nyimbo zetu. Nilibeba kompyuta yangu ndogo na spika zake mbili za mezani, zile za plastiki zinazochomekwa umeme, na jirani yake Leonidasi akawasha jenereta nyuma ya nyumba. Mama alisikiliza wimbo wa kwanza hadi mwisho, mikono mapajani. Kisha akasema, "Kwaya nzuri. Lakini Didas hayumo."

Nikamwambia yumo, mama, ndiye anayeimba besi. Akasema akina mama anawasikia, wanaume wa sauti nyembamba anawasikia, mwanawe hamsikii. Nikamvisha hedifoni zangu, maana humo besi inasikika. Akazivua palepale. Alisema wimbo ni wa kusikilizwa na watu wote nyumbani, si umbea wa kumwagiwa mtu sikioni. Ndugu Wilondja, nilicheka mbele yake, lakini njiani nilirudi nikilia.

Nafundisha fizikia, kwa hiyo tatizo nalijua. Spika zenye ukubwa wa ngumi haziwezi kusukuma hewa ya kutosha kwa sauti nzito. Mwalimu Nathaniel alipohama aliniachia sabufa yake, boksi moja zito lenye amplifaya yake ndani na matundu mawili nyuma, jekundu na jeupe. Sabufa ninayo na spika ninazo. Namna ya kuziunganisha ziimbe kama kitu kimoja ndiyo sina.

Nimeomba uhamisho kurudi kwetu Muleba, na mwaka mpya huenda ukatoka. Sitaki kuondoka nikimwacha yule mama anaamini kwamba mwanawe hakuwemo. Picha hawezi kuitazama. Sauti ndiyo kitu pekee ninachoweza kumwachia.

Nisaidie.

Odilia


Nyarugusu,
21 Juni 2013

Shemeji Odilia,

Aksanti kwa barua, na Abdalah amekunywa soda mbili. Nakuita shemeji kwa sababu Didas aliniita ndugu, na mimi sikuwahi kumrudishia hilo jina. Habari ya kifo niliipata kwa watu wa kanisa. Nilifunga studio, nikakaa ndani. Mimi ndiye niliyepaswa kukuandikia kwanza. Nilianza mara mbili nikashindwa.

Bon, tuje kwenye kazi. Spika zako, ambazo sisi huku tunaziita bafle, ziangalie vizuri. Ile yenye kitufe cha sauti ina tundu dogo pembeni, la kusikilizia masikioni. Toa waya hapo, upeleke kwenye matundu mawili ya sabufa. Hivyo ukipunguza sauti ya bafle, na sabufa inapungua pamoja nayo. Mtu mmoja anaongoza, mwingine anafuata, kama kwenye kwaya.

Kitu kimoja tu, shemeji. Sabufa haiumbi. Inatoa kile kilichomo ndani ya rekodi na haiongezi hata chembe. Mikro yangu ya kurekodia siku ile ilikuwa ya kawaida sana. Na mama ni mzee, masikio ya wazee yana mambo yake. Jaribu, lakini usiweke moyo wote humo.

Nasalimia wanakwaya wote.

Wilondja


Kibondo,
7 Julai 2013

Ndugu Wilondja,

Nimefanya kama ulivyosema. Nilipochomeka tu, spika zikanyamaza. Nikachomoa, zikaimba. Nikachomeka, zikanyamaza tena. Ilibaki sabufa peke yake ikiguna, ungedhani kuna watu wanagombana chumba cha pili na hujui wanagombania nini.

Nikakaa nikafikiri, na nikajionea aibu kidogo. Lile tundu limetengenezwa hivyo makusudi, kwamba mtu akivaa hedifoni spika zikae kimya asiwasumbue wengine. Mwanafunzi wangu angenijibu hivyo mtihani wa kidato cha kwanza. Sasa tumekosea wote wawili, kwa hiyo hakuna wa kumcheka mwenzake.

Hilo la kwamba sabufa haiumbi nimelisoma mara mbili. Sikuelewa kwa nini uliliandika kwa uzito ule. Besi imo, ndugu yangu. Nikivaa hedifoni naisikia vizuri, nzito, imetulia, na kila jioni naisikiliza kabla sijaanza kusahihisha madaftari. Nataka tu itoke nje ya masikio yangu, imfikie na mama.

Tufanyeje?

Odilia


Nyarugusu,
15 Julai 2013

Shemeji,

Umenishinda, nimekubali. Bafle zangu mimi zina tundu lisilonyamazisha, nikadhani za dunia nzima ziko hivyo.

Nimekuchomelea waya wenye kichwa kimoja na miguu miwili. Abdalah anao, umefungwa kwenye kitambaa cha kitenge. Kichwa kinaingia kwenye kompyuta, mguu mmoja unakwenda kwenye bafle, mwingine kwenye sabufa. Sauti utaiongoza kwenye kompyuta. Kwanza weka bafle kwenye sauti unayoipenda, usiziguse tena. Nyuma ya sabufa kuna viwili vya kuzungusha. Kimoja ni sauti yake. Kingine kina namba, na hicho ndicho kinachosema sabufa iishie wapi kwenda juu. Kiweke chini kabisa, kisha kipandishe polepole. Pale bafle zinapochoka kushuka, sabufa inapokea. Ukiacha pengo katikati, utasikia sauti ya mtu aliyekatwa kiuno. Ukizidisha, hata mhubiri atasikika kama ngoma.

Nilipokuwa nachomelea nilimkumbuka Didas. Siku ya kwanza kwaya yenu yote ilijaa chumbani, joto la kufa mtu. Siku ya pili alibaki yeye peke yake, kwamba arekodi besi yake pembeni. Alikaa kwenye kile kiti changu kibovu, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Alikuwa mtu mwema sana.

Basi, ngoja niishie hapo.

Wilondja


Kibondo,
28 Julai 2013

Ndugu Wilondja,

Andaa chai usome taratibu, maana nina mengi.

Waya ulifika. Nilipowasha, sabufa ilianza kunguruma hata kabla ya wimbo, mmmmm, mfululizo. Nilihangaika mpaka nikagundua kwamba nilichomeka kompyuta ukuta huu na sabufa ukuta ule. Nikavileta vyote kwenye ekstensheni moja, mngurumo ukafa.

Kisha likaja la pili. Nilipokaa kwenye kiti changu, besi ilikuwa hafifu, karibu haipo. Nikiinuka kwenda mlangoni, inajaa. Nikiongeza sauti ya sabufa, pale kitini inazidi kupotea! Nikafikiri sasa ninaugua. Nikachukua chaki nikachora sakafuni: spika hapa, sabufa pale, mimi katikati. Ndipo nikaona. Spika zinasukuma hewa wakati uleule sabufa inaivuta. Zinafutana. Hili nimelifundisha kwa miaka, kwa kamba na kwa beseni la maji, watoto wakaliandika wakafaulu, na mimi mwenyewe sijawahi kulisikia kwa masikio yangu.

Nyuma ya sabufa kuna swichi ndogo, sifuri upande huu na mia na themanini upande ule. Nikaibonyeza upande wa pili, nikarudi kukaa.

Wilondja, alikuja. Sijui niseme vipi. Meza ilitetemeka chini ya mikono yangu, na Didas alikuwa pale chumbani, mzito, ametulia, anabeba wenzake wote mgongoni. Nilirudia wimbo ule mpaka umeme ukakatika. Nililia, na sikuona haya. Tangu Novemba nilikuwa namkumbuka kama mtu anayenitazama kutoka mbali. Jana alikuwa karibu.

Likizo fupi ya mwisho wa Agosti naibeba sabufa kwenda Titye. Safari hii mama atamsikia.

Naomba jambo moja. Nisimulie zaidi ile siku ya pili. Alirudi nyumbani hana sauti kabisa, ananong'ona kama mwizi. Nilipomuuliza, alisema ameimaliza yote kwenye mikro yako. Nilimpikia uji wa tangawizi wiki nzima. Nataka kujua aliimba vipi, alisema nini, kila kitu.

Odilia


Nyarugusu,
8 Agosti 2013

Shemeji,

Nimefurahi kwamba imetulia. Hilo la swichi mimi nisingelijua kwa michoro, ningelibahatisha tu.

Siku ya pili ilikuwa siku ya kazi. Tulifanya kazi.

Shemeji, sabufa ni nzito na barabara ya Titye unaijua. Spika yake ikichanika hutapata nyingine huku. Na mama amekwisha kusema neno lake, labda ana amani nalo. Kwa nini usibaki nayo hapo Kibondo, ukasikiliza wewe ambaye inakufariji? Si kila zawadi lazima ifike.

Niliomba kibali cha kutoka kambini nije Kibondo, nizungumze nawe ana kwa ana, sikupata. Kuna maneno hayakai vizuri kwenye karatasi. Kama unaweza, ngoja kidogo.

Wilondja


Kasulu,
1 Septemba 2013

Wilondja,

Naandika nikiwa hapa Kasulu, nimekalia boksi la sabufa, nasubiri gari la kunirudisha Kibondo. Barua yako ya kunizuia niliisoma nikadhani unaionea huruma sabufa.

Nilifika Titye Ijumaa. Niliiweka kwenye kona ya sebule, nikapima, nikapanga, swichi yake, namba yake, kila kitu kama nyumbani. Leonidasi akasogeza jenereta mbali, nyuma ya migomba. Majirani wakaja, wakakaa. Mama aliomba apelekwe karibu, akaweka kiganja juu ya boksi. Nikawasha.

Besi ikatoka. Sijawahi kuisikia safi namna ile. Vikombe kabatini vililia. Watu walitazamana wakitikisa vichwa, na mimi nilikuwa namtazama mama usoni kama mwanafunzi anayengojea matokeo. Wimbo ulipokwisha alitoa mkono.

"Huyu ni nani?" akaniuliza.

Nikasema ni Didas, mama.

Akasema, "Mwanangu hana pumzi hiyo. Tangu mdogo, akifika mwisho wa wimbo anaishiwa, anaacha, wenzake wanamalizia. Baba yake alikuwa anamtania kwa hilo. Huyu anafika mwisho, halafu anashuka tena chini, na huko chini anakaa. Anaimba vizuri. Mpeni pongezi. Ila mimi simjui."

Leonidasi, ambaye hupeleka ndizi kambini, akasema bila ubaya wowote, "Kumalizia vile ndivyo wanavyofanya kwaya za Wakongo."

Nikarudia wimbo. Nikaweka wa pili, na wa tatu. Kila mwisho, wote wakishatua, ile sauti inateremka ngazi moja zaidi na kutulia. Nikakumbuka siku ya kwanza, tulipomaliza, wewe na wenzako mlitusindikiza kwa wimbo wa kwenu. Wake kwa waume walinyamaza, ukateremka wewe peke yako. Nilimgusa Didas nikamwambia, sikiliza huyu.

Ni wewe. Kwenye nyimbo zote ni wewe.

Niliambiwa ni mume wangu, nikamsikia mume wangu. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja sikutambua, mama asiyeona ametambua kwa wimbo mmoja. Miezi yote hii nimemlilia Didas kwa sauti yako, na wewe ulikuwa unanichomelea waya nilie vizuri zaidi. Barua ngapi nimekuandikia? Ulishindwa nini kusema?

Mama hana hasira. Usiku alinishika mkono akanipa pole, kana kwamba aliyefiwa ni mimi peke yangu. Mimi nina hasira. Usinijibu kwa mambo ya namba na swichi.

Odilia


Nyarugusu,
12 Septemba 2013

Shemeji Odilia,

Ni mimi.

Didas alifika kwangu kifua kimebana. Siku ya kwanza alisimama na wenzake akifungua mdomo tu, na hakuna aliyejua kwa kuwa chumba kilijaa makelele. Nilipowasikiliza jioni, besi haikuwemo. Nyimbo zilikuwa kama nyumba isiyo na msingi. Ndiyo maana alibaki. Aliwaambia wenzake kwamba besi hurekodiwa peke yake, na wao wakaamini, kwa sababu alikuwa mwenyekiti wao na kwa sababu kweli wengine hufanya hivyo.

Siku ya pili alijaribu tangu asubuhi. Nilimpa chumvi, nikampa maji, hakuna. Mwanzoni tulicheka. Baadaye akaniambia, "Wilondja, parokiani wameshatangaza kanda. Wamenichagua mwenyekiti kwa sababu ya besi hii hii." Akaniomba niimbe mimi. Alisimama pembeni yangu akinionyesha kwa kidole wapi nivute pumzi, wapi nipunguze. Alitaka niimbe kama yeye, na nilijitahidi. Ila mwisho wa wimbo mwili wangu unashuka wenyewe, ndivyo tulivyoimba kwetu Fizi tangu tukiwa watoto. Aliposikia alisema, "Hapo umenizidi, lakini pazuri. Acha." Halafu akasema, "Odilia nitamwambia mwenyewe. Tutacheka sana."

Barua yako ya kwanza ilipofika, nikajua hakukuambia. Lile lilikuwa neno lake la nyumbani kwake, alilitaka kulisema kwa mdomo wake, na mimi nikaona sina haki ya kumsemea. Halafu ukaandika kwamba alikuja, kwamba alikuwa karibu. Ningekuandikia nini siku ile? Nilidhani mama naye atafarijika, utakwenda kwenu kwa amani, na mimi nitabaki na uzito wangu. Kwa mama nilikosea kabisa.

Kwa kuimba siombi msamaha, maana rafiki yangu aliniomba. Naomba msamaha kwa kukuacha ubebe lile boksi mpaka Titye.

Wilondja


Nyarugusu,
3 Novemba 2013

Shemeji Odilia,

Abdalah anasema barua alikukabidhi mkononi na hukumpa majibu. Sikulaumu. Hii haihitaji majibu pia.

Unajua nilivyofanya kazi miaka ile. Kuanzisha mashine upya kulikuwa taabu, kompyuta ile ilikuwa ikizimika ovyo. Kwa hiyo mtu akiingia nawasha kurekodi, akitoka nazima, na katikati sigusi. Baadaye ndiyo nakata, nachukua wimbo, mengine natupa. Ya siku ile ya pili nilidhani nimeyatupa.

Tangu Septemba nimekuwa nikifungua diski zangu za zamani moja baada ya nyingine. Nyingine zimekufa. Wiki iliyopita niliikuta. Ni asubuhi yote, kabla sijaanza kuimba mimi. Nilisikiliza mwanzo tu, nikajua ni yeye, nikazima. Yaliyobaki si yangu kuyasikiliza.

Nimeiweka kwenye flashi hii. Hakuna wimbo humo, shemeji. Ni mtu anayejaribu, basi.

Wilondja


Titye,
15 Desemba 2013

Shemeji,

Nimekaa na flashi yako zaidi ya mwezi bila kuifungua. Mwanzoni ilikuwa hasira. Baadaye nikaogopa. Niliwahi kumsikia mahali asipokuwepo, na nikaamini. Safari hii sikutaka kuwa wa kwanza kusikia, kwa kuwa masikio yangu mwenyewe siyaamini tena. Nikasema nitaifungulia Titye, mbele ya mama, nisikie pamoja naye, na atakalosema ndilo hilo.

Uhamisho wangu umetoka. Naenda Muleba Januari. Sabufa nimewapa wanakwaya. Sikuwaambia chochote kuhusu besi, na wewe usiwaambie. Walioimba waliimba kweli, na kanda hiyo wanaipenda. Hata mimi, hasira ilipopungua, niliisikiliza tena nikijua ni wewe. Unaimba vizuri, Wilondja. Inaniuma kusema, lakini ni kweli.

Kwa hiyo nilikuja huku na kompyuta na zile spika mbili za plastiki tu. Nikaziweka juu ya kigoda, Leonidasi akawasha jenereta. Hatukuita majirani. Nikamwambia mama, safari hii si wimbo, na sijui ni nini. Akasema, "Washa."

Kwanza ulisikika mlango. Kisha kiti kikilia, na wewe ukisema mikro iko tayari. Halafu mtu akasafisha koo. Akajaribu kuimba, sauti ikakwaruza, ikapasuka katikati, akacheka. Hakuna kizito hata kimoja mle ndani, shemeji. Ni mkwaruzo mtupu, mwembamba, na spika zile ndogo ziliutoa wote bila kubakiza. Akajaribu tena. Akasema, "Odilia akisikia hivi atanirudisha kwetu akadai mahari." Nilishika mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu azikwe kumsikia akilitaja jina langu.

Nikamtazama mama. Uso ulikuwa umeelekea kwenye kigoda. Hakulia, hakutabasamu, wala hakuniuliza ni nani. Nikaanza kuogopa kwamba tumekosa tena.

Ndipo Didas akaanza kukohoa. Unaikumbuka ile? Inaanza ndogo, halafu inamkamata, haimwachii. Alikohoa, akanyamaza, akakohoa tena. Mama akageuza kichwa upande wa jikoni, amekunja uso, akasema kwa Kiha chake, kwa sauti ya kugomba: "Mpeni maji ya moto! Hamsikii anavyokohoa?"

Leonidasi akanitazama, hajui afanye nini. Mimi niliinuka, nikaenda jikoni, nikawasha moto nikachemsha maji.

Shemeji yako,
Odilia